Barua ya Wazi kwa Baraza la Madiwani Lindi: Usiku wa Wanafunzi Tuupange Sisi

Kwa:
Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani na Mkurugenzi wa Manispaa ya Lindi.

Nakala:
Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa. Walezi, matroni na patroni wa hosteli za vyuo.

YAH: USIKU WA WANAFUNZI KATIKA MJI WETU



Ninawaandikia kuhusu saa ambazo ofisi zenu zimefungwa. Vikao vya mipango miji huzungumzia barabara, maji, viwanja na ushuru, na ni haki vizungumzie hayo. Lakini sijasikia mahali popote tukiulizana kijana wa miaka ishirini atakwenda wapi, na atafanya nini, kuanzia sala ya isha hadi saa sita usiku. Swali hilo sasa limetufikia mlangoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi hapa Lindi kwa ajili ya masomo ya kilimo, kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu ambao kwa ajili yake Benki ya Dunia imelikopesha taifa dola milioni 425. Jirani zetu wa Mtwara wana Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris tangu 2009. Kilwa Masoko inajengewa bandari ya uvuvi ya zaidi ya shilingi bilioni 266, na bandari huleta vijana kama chuo kinavyowaleta. Tunaelekea kuwa mji wa wanafunzi, tupende tusipende.

Ninachowaomba ni hiki: usiku wa mji huu upangwe mapema, upangwe na nyinyi wenyewe, kwa kutumia vitu ambavyo pwani yetu inavyo tayari, yaani chakula, baraza, muziki, mpira na bahari. Ukiachwa ujipange, utapangwa na wauza pombe peke yao. Ukifungwa kwa kufuli, utahamia gizani.

Niruhusuni nianze na maisha ya hosteli, maana wengi wanaowapangia wanafunzi wamesahau yalivyo. Chumba cha hosteli kina vitanda vya deka, meza moja au mbili, na waya wa kuanikia nguo dirishani. Wanaolala humo kwa kawaida ni wengi kuliko walioandikwa mlangoni, kwa sababu ya kubebana: mwenye kitanda anamhifadhi mwenzake aliyekosa. Chumba kama hicho hakina sebule, hakina ukumbi wa kukaa, hakina kibaraza. Sasa kiweke chumba hicho Lindi mwezi wa Desemba, joto la kabla ya mvua, feni moja inazunguka polepole. Mwanafunzi anayetoka hapo saa mbili usiku hatafuti uhuni. Anatafuta pahali pa kukaa na wenzake, apate upepo, ale, aongee na acheke. Mji wa nje ndio sebule yake.

Wala tusidhani hosteli zitawatosha wote. Pale Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2017 yalifunguliwa majengo 20 ya hosteli yenye nafasi za wanafunzi 3,840 kwa mpigo mmoja, na bado wanafunzi wamejaa katika mageto ya Msewe, Changanyikeni na Sinza. Lindi itakuwa vivyo hivyo. Watakaokosa vitanda chuoni watapanga vyumba mitaani mwetu, kwa bibi zetu na shangazi zetu. Mfukoni watakuwa na bumu, ambalo kwa mnufaika wa mkopo ni shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku. Huyo si mteja wa kumbi za bei mbaya. Akiamua kula bata, bata lake ni sahani ya chipsi mayai, kipande cha pweza, soda baridi, mechi ya Simba na Yanga kwenye kibanda umiza, na mazungumzo marefu. Usiku wa mwanafunzi ni rahisi kuugharimia. Unadai mpango tu.

Mimi nilisoma bara, katika mji wenye vyuo zaidi ya kimoja. Mji ule ulitupa mambo mawili: baa au kitanda. Aliyekunywa alikuwa na pa kwenda kila mtaa. Asiyekunywa, Mwislamu au Mlokole, au msichana asiyetaka kusumbuliwa na watu wazima wenye pesa, alibaki hosteli anasikiliza muziki wa mbali. Tulikaa pale miaka mitatu na hatukuufahamu mji. Wenyeji nao walitujua kama wateja, wapangaji na wapita njia. Nilipohitimu niliondoka bila rafiki hata mmoja mzaliwa wa pale, na hilo linaniuma hadi leo. Sitaki kijana wa Kagera au Manyara aondoke Lindi hivyo.

Hosteli niliyokaa ilikuwa na geti lililofungwa saa nne kamili. Usiku mmoja wasichana wawili wa darasa letu walitoka kwenye diskasheni ya mtihani, bajaji ikawaharibikia njiani, wakafika saa nne na dakika chache. Mlinzi aliwaona, akawatambua, akakataa. Amri ni amri. Walikaa nje ya geti, migongo ukutani, vitabu mapajani, hadi adhana ya alfajiri. Baada ya hapo kila msichana pale alijifunza somo moja: ukiona utachelewa kidogo, usirudi kabisa, tafuta pa kulala hadi asubuhi. Kanuni iliyowekwa ili iwalinde ikawa ndiyo inayowalaza nje. Matroni na patroni mnaosoma nakala hii, nawaomba mlifikirie hilo kabla hamjaandika kanuni zenu ukutani. Geti la usiku liwe na daftari, mlinzi na taa. Mwanafunzi ajiandikishe jina na saa, aingie akalale, na kama amevunja utaratibu aulizwe kesho yake mchana. Kumwacha mtoto wa watu barabarani usiku hakujawahi kuwa adabu.

Waheshimiwa, wapo watakaosema starehe za usiku si kazi ya halmashauri. Historia yetu wenyewe inasema vingine. Mwaka 1978, katika ukumbi wa Mlimani Park, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianzishwa bendi ambayo nchi nzima iliijua kwa jina la Sikinde. Ilipofika 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam, na tangu hapo ikaitwa DDC Mlimani Park Orchestra. Mamlaka ya mji ilimiliki kumbi, ikaajiri wanamuziki, ikawalipa mishahara. Bendi ya Msondo nayo, tangu 1964, ililelewa na chama cha wafanyakazi. Wazee wetu waliotoka kwenye uhuru na mikono mitupu waliona kuwa mfanyakazi na msomi wanahitaji pahali pa heshima pa kupumzika, na kwamba pahali hapo hapajitokezi penyewe. Muziki bora kabisa wa dansi tulionao ulizaliwa katika kumbi zilizolelewa na taasisi za umma.

Na sisi watu wa pwani ya kusini tulikuwa na mchango wetu. Kilwa Jazz, chini ya Ahmed Kipande, ilitamba Dar es Salaam miaka ya 1960 ikiwa imebeba jina la kwetu. Tumewahi kupeleka usiku mzuri mjini kwa watu. Hatuna sababu ya kuwa nao haba nyumbani.

Kuna jambo la pili ambalo Dar es Salaam imepata kutoka kwetu, na hili linanigusa zaidi. Tangu 2004 gesi ya Songo Songo, kisiwa kilicho ndani ya Wilaya ya Kilwa, inachomwa Ubungo kuzalisha umeme. Taa za Sinza na Kinondoni zimewaka miaka mingi kwa gesi iliyotoka chini ya maji yetu. Hapa kwetu, ukiiacha barabara kuu ukakata kushoto au kulia, mitaa mingi ya ndani inakupokea kwa kiza. Naamini hakuna mahali nchini penye haki kubwa zaidi ya kuomba taa za barabarani kuliko mwambao wa Kilwa na Lindi. Iombeni haki hiyo kwa sauti. Mwaka 2025 Kariakoo ilipozinduliwa kufanya biashara saa 24, taa na kamera za usalama zilikuwa sehemu ya maandalizi, kwa kuwa hakuna usiku salama bila mwanga. Anzeni na njia tatu: kutoka hosteli hadi stendi, kutoka hosteli hadi ufukweni, na kutoka ufukweni hadi hospitali.

Juu ya ufukwe nataka niseme kwa kituo, maana hapo ndipo moyo wa barua hii ulipo.

Nendeni jioni moja mkamtazame muuza pweza anavyofanya kazi. Meza yake ni ndogo, ina ubao, kisu kifupi, bakuli la pilipili ya kusaga na ndimu zilizokatwa nne nne. Chini kuna jiko la mkaa na sufuria la supu limefunikwa. Mteja ananyoosha kidole kwenye mnyiri anaoutaka, kisu kinapita mara sita, vipande vinaingizwa vijiti, supu inamiminwa kikombeni, inakamuliwa ndimu. Watu wanakula wamesimama. Mvuvi, mwalimu, dereva wa bodaboda na mwanafunzi wanachovya kwenye bakuli moja la pilipili. Hatua chache kutoka hapo yupo wa kahawa anagonganisha vikombe vyake, na kashata kwenye sinia. Hakuna kiingilio, hakuna anayeulizwa kabila wala dini, na shilingi elfu mbili inamtosha kijana kukaa hapo saa nzima. Hiyo ndiyo starehe ya usiku ya pwani, na ni nzuri kweli kweli. Kasoro yake ni kwamba muuzaji huyo anawasha tochi ya simu ili aone anachokata, maji ya kunawa anayabeba kwenye ndoo, choo hakipo, na kila siku anahofia kuja kuondolewa.

Zanzibar walikuwa na hali inayofanana. Bustani ya Forodhani ilikuwa imechakaa, na wauzaji wamebanana. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ukaikarabati, ikafunguliwa tena 2009 ikiwa na taa, njia za kutembea, ukuta wa bahari uliotengenezwa na eneo maalumu la wauza vyakula. Leo mgeni anayefika Unguja usiku haulizi aende wapi. Lindi ina ghuba nzuri isiyopungukiwa na kitu mbele ya Forodhani. Hatuhitaji mradi wa mabilioni ili tuanze. Tunahitaji kipande cha ufukwe kilichosawazishwa, nguzo za taa, bomba la maji, vyoo vya kulipia vilivyo safi, mapipa ya taka yanayoondolewa kila asubuhi, na meza zilizopewa namba. Mtaji wa mama anayekaanga samaki na mihogo, au wa kijana wa mishikaki, upo kwenye sheria tayari: asilimia 10 ya mapato yenu ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Tengeni sehemu ya fedha hiyo kwa vikundi vya soko la usiku. Wanafunzi watakula, wakopaji watarejesha, na ninyi mtakusanya ushuru.

Najua hofu ya wazee wetu, na siidharau. Wanasema usiku ukifunguliwa zitakuja kelele, ulevi na mabinti kuharibiwa. Ni hofu za haki. Lakini mji huu una ushahidi wake wenyewe. Kila Ramadhani tunakesha. Baada ya tarawehe mitaa inajaa, watoto wanakimbizana, akina mama wanauza vitumbua na mkate wa kumimina, wazee wamekaa barazani, vijana wanacheza bao na keramu hadi karibu na daku. Msichana anatoka kwa shangazi yake saa tano usiku na hakuna anayemgusa, kwa sababu kila mlango uko wazi na kila mtu anamwona. Usalama ule unatoka kwa watu waliojaa nje na macho yao. Mtaa mtupu ndio unaomtisha msichana. Kwa hiyo tunaujua tayari usiku ulio mchangamfu na wenye heshima kwa pamoja. Tunachotakiwa kufanya ni kuutandaza katika miezi mingine.

Kuhusu kelele, sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo ni za 2015, na mwaka 2023 baraza la taifa la mazingira, NEMC, lilifungia baa na kumbi kadhaa nchini kwa kuzivunja. Zitumieni mapema, kwa kutenga maeneo, badala ya kusubiri wananchi walalamike kisha mfungie watu biashara. Vigodoro na singeli vina nafasi yake, uwanjani na mbali na wodi za wagonjwa na misikiti. Taarabu, dansi na ngoma za Wamwera na Wamakonde zipewe Jumamosi moja kila mwezi katika eneo la wazi, na wanafunzi washindane na vijana wa mtaa. Kuhusu pombe, wenye leseni wafuate saa zao na wasipewe vibali mlangoni mwa hosteli. Kuhusu mabinti, liwepo dawati la polisi karibu na soko la usiku lenye askari wa kike, na namba yake ibandikwe kila hosteli.

Kuna suala la kurudi. Mwanafunzi wa kike aliye ufukweni saa tatu na nusu ana hesabu moja kichwani: nitarudije? Bajaji ikimtajia bei mara mbili kwa kuwa ni usiku, au bodaboda asiyemfahamu akawa ndiye aliyebaki, furaha yote inaisha hapo. Kaeni na viongozi wa bajaji na bodaboda, mkubaliane nauli ya usiku ya kwenda hosteli, iandikwe kwenye kibao stendi na sokoni. Madereva wa zamu wavae vizibao vyenye namba. Serikali ya wanafunzi ipewe orodha yao. Hili linagharimu kikao kimoja na rangi ya kuandikia kibao.

Ndugu zangu wa Kilwa, barua hii ni yenu pia. Wanafunzi wa akiolojia na historia huja kwenu kusoma magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyomo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Mchana wanashinda juani kwenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Jioni mashua inawarudisha Masoko, wanaoga, na baada ya hapo ratiba yao haina kitu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Kilwa na akaandika sifa za sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu wake kwa wageni na masikini. Sifa hiyo imedumu karibu karne saba. Kijana anayelala kwenye gesti ya Masoko wiki mbili za mafunzo anastahili kukutana na Kilwa iliyo hai: awasikie wazee wa Kivinje wakisimulia barazani, ale samaki wa siku hiyo hiyo, aone ngoma, anywe kahawa. Halmashauri ikiunda kikundi cha vijana wa kuongoza wageni usiku kama wanavyoongozwa mchana, wanafunzi watalipa kidogo na wenyeji watapata riziki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Waheshimiwa, nimalizie kwa maombi yangu, ili yasipotee katika maneno mengi.

Kwanza, baraza lenu likae na uongozi wa chuo, serikali ya wanafunzi, wauza vyakula, madereva, maimamu, wachungaji na jeshi la polisi, mtengeneze mpango wa usiku wa Manispaa ya Lindi kabla kampasi haijajaa.

Pili, eneo la soko la usiku la ufukweni litengwe kwa maandishi, liwekewe taa, maji na vyoo katika bajeti ya mwaka wa fedha unaokuja.

Tatu, sehemu ya mikopo ya asilimia 10 ielekezwe kwa vikundi vitakavyofanya kazi hapo.

Nne, nauli ya usiku na madereva wa zamu vitangazwe kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajaripoti.

Tano, ziulizwe hosteli zote, za chuo na za watu binafsi, zina utaratibu gani wa kumpokea aliyechelewa. Isiwepo hata moja inayomwacha mwanafunzi nje ya geti.

Hakuna ombi hapo linalosubiri wafadhili, na hakuna linalokwenda kinyume na dini wala desturi zetu. Mwanafunzi atakaa nasi miaka mitatu au minne, katika umri ambao mtu huchagua marafiki wa maisha na mara nyingi mchumba. Miongoni mwao watatoka mabwana shamba wa korosho na ufuta wetu, walimu wa watoto wetu, na pengine wakurugenzi wa manispaa hii. Mchana atafundishwa na wahadhiri. Usiku atafundishwa na sisi, na atakachojifunza kitaamua kama atarudi Lindi kuifanyia kazi, au ataipita kwenye basi la Mtwara bila kugeuza shingo. Liwekeni jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani. Nitakuja kukaa kwenye viti vya wananchi nisikilize, na sitakuja peke yangu.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mzaliwa wa Kilwa Kivinje, mkazi wa Lindi.